Jina Langu Lilifunga Bao

Goti la kulia la Lusweti lilikuwa na wenyewe wawili.
Kilabu cha Karen, chenye nyasi zinazonyweshwa hata kiangazi,
kililipia daktari, viatu, na yai la kila asubuhi.
Shule yetu ya Makongeni ilimsamehe karo,
na mwalimu mkuu hajawahi kusamehe kitu bure.

"Goti likivunjika kwenye vumbi lenu," kilabu kiliandika,
"mtalilipa kwa nini? Kwa kikombe cha bati?"
Jibu likaenda na muhuri:
kijana analala kwetu, anakula maharagwe yetu,
ikifika siku ya mechi miguu inageuka mgeni?

Lusweti hakuulizwa.
Mimi pia sikuulizwa, ila hilo nilishalizoea.
Winga ya kushoto, jezi kumi na saba,
tangu kidato cha kwanza nalinda benchi lisiibiwe.
Akikatazwa yeye, nacheza mimi.
Basi niseme ukweli:
kila barua iliyotoka Karen
niliingojea kama barua ya mpenzi.

Ijumaa ya fainali jezi yangu ililala chini ya godoro,
ikaamka imenyooka kama noti mpya.
Saa saba na nusu, nyuma ya maabara,
Lusweti akanishika mkono.
"Kilabu nimewaambia nina homa.
Nikopeshe jina."

Jina si kalamu, nikamwambia.

"Kule mimi ni kilo sitini na moja," akasema.
"Ni sekunde kumi na moja na nukta nne.
Wazazi hutazama wakiwa ndani ya gari, vioo juu;
ukifunga, unapigiwa honi moja.
Hapa mnaniita Uji.
Nataka fainali moja tu nikiwa Uji."

Nilivua jezi.
Mpaka leo sijui ni huruma au ni mazoea ya benchi.

Mwamuzi akaita: Kyalo Mutinda!
Uji akaitika: Nipo!
Mwalimu Nyaboke akaitazama orodha,
kisha akatazama mawingu.
Anafundisha jiografia, mawingu ni kazi yake.

Dakika ya sabini na tatu
mpira ulimfikia ukidunda vibaya, kama deni la ghafla.
Akautuliza kwa kifua, akamwacha beki akikumbatia vumbi,
akapiga chini, pembeni,
mahali ambapo mimi, Mungu ananiona,
ningepiga juu ya ukuta hadi kwenye reli.

Spika ya kuazima kanisani ikapasuka:
"Kyalo! Bao la Kyalo Mutinda!"
Nami, ndani ya kofia ya sweta, nikasimama.
Mguu wangu wa kushoto uliruka wenyewe
kwa sababu uliitwa.

Filimbi ya mwisho ilipolia
nilimwona akiinama kuligusa goti,
polepole, kama mtu anayepapasa mfuko
uliobeba pesa za wengine.
Lilikuwa zima. Sote wawili tukapumua.

Wakubwa bado wanaandikiana barua.
Wanaosema asicheze, nawaelewa: mguu ni mmoja, maisha ni marefu.
Wanaosema acheze, walisikia vijana mia nne
wakipiga masufuria ya jikoni wakiimba Uji, Uji,
huku spika ikisisitiza ni mimi.
Lakini hakuna barua iliyowahi kumtaja
aliyeketi na shati la ndani, jezi yake iko uwanjani bila yeye.

Habari zilifika Muthurwa, kwenye meza ya mama ya viazi.
Siku ya wazazi akaja na kuku mzima ndani ya hotipoti,
akanitazama miguu kabla ya kunitazama uso.
"Mwanangu," akasema, "bao!"
Nikafungua mdomo.
Mama akautia mnofu.

Paja moja nililila pale pale, nikiangalia chini.
Jingine nikalifunga kwa karatasi ya daftari
nikampelekea Uji bwenini.
Akalishika, akaligeuza,
akauliza: "Hili ni la kulia au la kushoto?"